Mnazi mmoja, mitupo 4 na mitupo 7: kisa cha shimo la sita, Tongoni

Mimi na binamu yangu, tukicheza gofu ya visahani, tuligonga mnazi uleule, ubavu uleule, tukipishana kwa kama dakika mbili. Visahani vyetu vyote viwili vikaishia chini ya mkorosho mmoja, hatua tatu baina yao. Yeye akamaliza shimo kwa mitupo 4. Mimi nikamaliza kwa 7. Tangu siku ile nimekirudia kisa hiki kichwani, na nimekirudia kwa miguu pia, futi kamba mkononi, kwa sababu ni nadra uwanja wa miti kukuwekea watu wawili wenye kosa moja, mahali pamoja, halafu ukaona hasa ni wapi njia zao zilipoachana.

Kwa ambaye hajawahi kuucheza: gofu ya visahani inafuata gofu ile ya mpira. Unarusha kisahani kutoka kianzio, unakifuata, unarusha tena kutoka kilipoangukia, hadi kiingie kapuni, na mwenye mitupo michache ndiye mshindi. Tunasema "shimo" kwa mazoea tu, hakuna anayechimba. Kapu ni nguzo ya chuma yenye minyororo inayoning'inia. Kisahani kikiigonga minyororo kinakufa kasi na kudondokea ndani. Aliyelibuni ni Mmarekani, Ed Headrick, miaka ya 1970, na mwaka 1976 akaanzisha PDGA, chama cha wachezaji wa gofu ya visahani, ambacho sheria zake tunazifuata hata sisi huku. Makapu yetu 9 aliyaunda fundi baiskeli wa kijijini: ringi mbili, cheni chakavu, bomba la maji. Yamesimama ndani ya shamba la Mjomba, Tongoni, ukitoka Tanga mjini kwa barabara ya Pangani. Jumapili asubuhi tunakuwa wanne: mimi, binamu, fundi mwenyewe, na mwalimu mstaafu wa michezo tunayemwita Mwalimu, ambaye ndiye mwamuzi, maana ndiye pekee aliyezisoma sheria zote mpaka mwisho.

Shamba lenyewe ni la minazi mirefu ya zamani za babu, na chini yake mikorosho iliyopandwa baadaye. Mkorosho si mti wa kupita kando yake ukasahau. Matawi yake yanatambaa mpaka yanagusa mchanga, na ndani mna giza la saa kumi na mbili hata jua likiwa la utosi. Ukisikia kisahani kimeingia mle, unasikia majani makavu yakilia, halafu kimya.

Shimo la sita lina mita 84. Uwanjani pa wazi, umbali huo ni mdogo, mitupo miwili mizuri imekwisha, na sisi tumelipangia kiwango cha mitupo 3. Lakini mita 9 mbele ya kianzio imesimama minazi miwili kama miimo ya mlango, mita 2 kati yake. Ukishapita hapo njia inafunguka, upana wa mita 7, inakwenda moja kwa moja kama mita 40, kisha inakata kushoto kuuzunguka mwembe mkubwa. Kapu liko nyuma ya mwembe. Kushoto kwa njia imefungamana mikorosho mitatu. Kulia ni boma la mkonge, na ng'ambo yake ni shamba la jirani: ukivuka, umetoka nje, unaongezwa mtupo mmoja wa adhabu.

Ilikuwa Agosti, mikorosho imeanza maua, kusi inavuma juu ya makuti lakini chini hata jani halitikisiki. Tulifika shimo la sita mimi na binamu tuko sawa.

Nilichukua kisahani cha mbio, kile chembamba chenye ukingo mkali. Sababu yangu niliiona nzuri: kwa mtu wa mkono wa kulia anayerusha kwa kuvuta kutoka kifuani, kisahani kikianza kuchoka hupinda kushoto, na njia ya shimo la sita nayo inapinda kushoto. Basi nikaona umbo la njia na umbo la mruko vinafanana. Nilichokisahau ni kwamba kisahani cha mbio kinadai kasi. Ukikirusha polepole kinapinda mapema na kuanguka. Kwa hiyo unalazimika kukimbia hatua tatu na kuvuta kwa nguvu zote, na ukivuta kwa nguvu zote mkono unachelewa kuachia, hata kwa kitambo cha kupepesa jicho. Ukichelewa, kisahani kinakwenda kulia. Kilikwenda kulia. Kikagonga ubavu wa ndani wa mnazi wa kulia kwa mlio ambao watoto waliokuwa wakipita kutoka chuoni waliusikia wakasimama kutazama, kikarudishwa kushoto, kikaingia mkoroshoni.

Binamu akafanya vivyo hivyo, kwa kisahani cha aina ileile. Mnazi, mlio, mkorosho. Mwalimu akasema, "Kuteleza si kuanguka, twendeni."

Hapa ndipo kisa kinapoanza, na hapa ndipo nilipokosea kwa muda mrefu nilipokuwa nikijichambua. Wiki nzima ya kwanza niliulaumu ule mnazi. Nikasema laiti ningechukua kisahani cha kumalizia, kile cha ukingo mnene ambacho hata ukikirusha nusu nguvu kinakwenda kimenyooka, ningepita mlangoni. Ni kweli, ningepita. Nimeshaanza kukitumia pale, na ninamshauri kila mtu akitumie kwenye njia finyu, kwa sababu hata kikigonga mti kinaanguka karibu na ulipogonga. Lakini mnazi hauelezi tofauti yetu. Mnazi tuliugonga wote. Baada ya mnazi tulikuwa bado sawa, 1 kwa 1, chini ya mti mmoja. Mitupo mitatu iliyonitenga na binamu yangu ilizaliwa ndani ya mkorosho.

Niingie mle ndani polepole.

Kisahani changu kilikuwa kimelala juu ya majani makavu, mita 22 hivi kutoka kianzio. Nilipochuchumaa nyuma yake niliona mambo mawili. Upande wa kulia, mita 6 kutoka nilipo, palikuwa na uwazi wa mita 3 kati ya kingo za matawi, na nje ya uwazi huo ni njia, nyeupe, jua limeipiga. Mbele yangu, kwenye mwelekeo wa kapu hasa, palikuwa na dirisha: matawi mawili yamepishana mita 14 mbele, yameacha nafasi ya mita 1.2 kwa upana na chini ya mita moja kwa kimo. Na ndani ya dirisha lile, mbali, kupita ubavu wa mwembe, niliona cheni za kapu zinametameta.

Kuona kapu kulinimaliza. Mpaka leo nasema, kama zile cheni zingekuwa zimeshika kutu zaidi, nisingeziona, na ningetoka kwa upande.

Nikapiga goti, nikachukua kisahani cha kati. Tawi moja lilinigusa begani likanizuia kuvuta mkono, nikalisukuma kwa bega na kulikalia ili lisirudi. Mwalimu aliniona. "Mwanangu, liachie hilo tawi," akasema. "Chagua mkao ambao hausumbui mti, ukishakaa, huna ruhusa ya kuusogeza ili mkono upite." Ndivyo sheria ilivyo: mkono wako ukiupiga mti wakati wa kurusha si kosa, ila kuusogeza makusudi ili ujipe nafasi ni mtupo mmoja wa adhabu. Nikaliachia. Na hata baada ya kuliachia, sasa mkono hauna pa kwenda nyuma, sikuliacha dirisha. Nikarusha kwa kifundo cha mkono tu. Kisahani kikagonga tawi la chini, kikapanda, kikanasa juu ya mkorosho uliofuata, kama mita mbili na nusu kutoka ardhini.

Binamu yeye alikuwa karibu na pembe ya mti, ila si kwa kiasi cha kumpa nafuu yoyote ya maana. Dirisha lile hata yeye alikuwa nalo. Alitazama dirisha, akatazama kulia. Akaweka mguu mmoja nyuma ya alama ya pale kisahani chake kilipolala, ule mwingine akaunyoosha kwa upande mpaka akawa kama anayechanika msamba, akapata mkono huru nje ya matawi. Hilo linaruhusiwa: sehemu moja ya mwili ikikanyaga nyuma tu ya alama, kwenye kipande cha upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 30, sehemu nyingine zinazokanyaga zinaweza kuwa popote mradi zisiwe karibu na kapu kuliko alama. Akarusha chini, kwa pembeni, kama mtoto anayerusha kigae kiruke juu ya maji, taratibu, maana ng'ambo ya njia kuna mkonge. Kikatambaa njiani, kikasimama katikati. Mtupo mmoja umetumika kusogea mita kumi na kitu, na watoto wa chuoni hawakushangilia. Uso wake, hata hivyo, ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuvuka.

Mtupo wake wa tatu ulifuata njia, ukapinda na mwembe, ukasimama mita 5 kutoka kapuni. Wa nne ukaingia. Hayo hayana uchambuzi. Mtu akishakuwa njiani, mambo huwa hivyo.

Mimi nilikuwa bado na kisahani juu ya mti. Kisahani kilichonasa, alama yake inawekwa ardhini wima chini yake. Nikaweka alama, nikachukua kingoe cha kuangulia maembe nikakivuta, na tawi likanyesha maji moto. Anayewajua anajua. Ni wale sisimizi wekundu wa juu ya miti, wanaoshona majani mabichi kuwa kiota: wengine wanayavuta majani yagusane kingo kwa kingo, wengine wanashika watoto wao wenyewe mdomoni na kuwapitisha huku na huku kama sindano, maana uzi unatoka kwa watoto. Nilikuwa nimekitikisa kiota chao. Walikuwa shingoni, ndani ya shati, kwenye kope.

Nikarusha nikiwa ninaumwa. Mtupo wa shoka, kutoka juu ya kichwa, nikitumaini kutoboa majani niangukie ng'ambo ya mwembe. Kisahani kikachubua tawi, kikapotoka kulia, kikavuka njia yote, kikalala upande wa pili wa mkonge. Mtupo wa tatu, na wa nne wa adhabu. Kutoka ukingo wa boma nikarusha wa tano hadi kwenye kona, wa sita karibu na kapu, wa saba ndani.

Siku ya Alhamisi nilirudi peke yangu. Niliweka alama palepale chini ya mkorosho wa kwanza nikarusha dirishani mara 20. Mara 3 kisahani kilipita. Kati ya hizo 3, mara 2 kilianguka mahali ambapo ungehitaji mtupo mwingine mzuri ndipo ukaribie kapu. Zile 17 zilibaki ndani ya mikorosho, na 5 kati yake mahali pabaya kuliko nilipoanzia. Kisha nikarusha kwa upande, kulia, mara 20, kwa mkao wa binamu. Mara 18 nilikuwa njiani.

Nilipima pia kwa mkono, na hiki ndicho kipimo ninachokibeba sasa kila ninapoingia mitini. Weka mkono mbele ya uso, kiwiko kimekunjwa, kama sentimita 40 kutoka jichoni, fumba jicho moja. Dirisha la mita 1.2 likiwa mita 14 mbele yako linafichwa na vidole viwili. Mlango wa minazi kwenye kianzio, mita 2 kwa mita 9, unafichwa na ngumi. Uwazi wa upande, mita 3 kwa mita 6, unahitaji shubiri nzima, kuanzia gumba hadi kidole cha mwisho. Na kumbuka kisahani nacho kina mwili: kisheria hakipungui sentimita 21 kwa kipenyo, kwa hiyo kila uwazi upunguze kiasi hicho kabla hujauamini. Mimi nilishindwa kupita kwenye ngumi nikiwa nimesimama kwenye kianzio, mkono huru, pumzi imetulia. Dakika tatu baadaye nikachagua kupita kwenye vidole viwili, nimepiga goti juu ya majani, mkono umebanwa. Ningemwona mtu mwingine anafanya hivyo ningemshika mkono.

Kwa nini nilifanya? Nimejiuliza kwa dhati. Sidhani ni ujeuri. Ni kwamba mtupo wa kwanza uliopotea niliuhesabu kama deni, na nikataka kulilipa papo hapo. Kutoka kwa upande kulionekana kama kukubali kwamba mtupo umekwenda. Na ulikuwa umekwenda! Wahenga walishasema maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nimepiga goti nikiyazoa, kwa viganja, kutoka kwenye mchanga. Binamu yangu alikubali kwamba atapata 4. Alipokubali 4, akili yake ikawa huru kutazama kulia. Mimi nilikuwa bado nadai 3, na anayedai 3 chini ya mkorosho haoni kitu kingine ila dirisha.

Kuhusu mtupo wa tatu nina uchungu zaidi, kwa sababu ule ni ujinga wa sheria. Mwalimu alinionyesha jioni ileile, barazani, kwa utaratibu, kidole kwenye mstari. Wadudu waumao wakiwa kwenye alama yako au nyuma yake ni kizuizi unachoruhusiwa kuondoka: ikiwa huwezi kuwaondoa wao, unarudi nyuma kwenye mstari uleule utokao kapuni kupitia alama yako, mpaka pa karibu penye nafuu, bila adhabu yoyote. Mita 2 tu nyuma yangu mkorosho ulikuwa umekwisha. Ningesimama kwenye hewa, bila maji moto, bila tawi kichwani, na bado nina 2. Na hata kama pasingekuwa na wadudu, nafuu hiyohiyo ya kurudi nyuma ningeweza kuinunua kwa mtupo mmoja, bei ileile niliyolipa kwa kutupa kisahani nje, tofauti yake ikiwa kwamba mtupo wenyewe nisingeutumia bure. Sekunde 30 za kurusha nazo hazianzi kuhesabiwa kabla hujapewa nafasi ya kufika na kujiweka sawa. Nilikuwa na muda wa kuvua shati, kulikung'uta na kufikiri. "Uliliona kapu," Mwalimu akaniambia, "njia hukuiona."

Kuna jambo moja tulibishana ambalo halijaisha. Binamu, aliyeshinda, ndiye aliyetaka kulikata lile tawi la chini la dirisha. Alikuja na panga. Akasema, kaka, tukiondoa hili shimo linakuwa la haki. Fundi akamuunga mkono. Mjomba akatoka nyumbani kwa utulivu wake akauliza tawi lina kosa gani. Akalishika, akatuonyesha vishada vya maua, na juu yake mstari wa maji moto wakipanda na kushuka. Hao, akasema, ndio walinzi wa mkorosho. Penye maji moto, wale wadudu wanaofyonza vichipukizi na korosho changa hawapati nafasi, na yeye hana haja ya kununua dawa. Ukikata tawi unakata na barabara yao. Panga likarudi ndani. Mimi niko upande wa Mjomba, na si kwa ajili ya korosho tu. Bila lile tawi, shimo la sita ni uwanja wa mpira wenye minazi miwili.

Tulichobadilisha ni kidogo. Tumesawazisha kianzio kwa kifusi cha mawe ili mtu asiteleze mguu wa mwisho, na fundi amefunga kitambaa chekundu kwenye mnazi wa kulia ili watoto wasikae nyuma yake.

Jumapili iliyopita binamu aligonga mnazi tena, akaingia chini ya mkorosho uleule, karibu kabisa na alama yangu ya siku ile. Akachuchumaa. Akaniangalia, akaliangalia dirisha, akarusha. Kikapita. Tulisikia kisahani kikichana hewa tu, bila jani hata moja, kikaenda kusimama chini ya kapu, na watoto wa chuoni safari hii walishangilia. Akamaliza kwa 3.

Nilimpa mkono. Nikamkumbusha nilichohesabu Alhamisi ile, 3 kati ya 20.

"Sasa ni 4 kati ya 21, kaka," akasema.

Zamu yangu ikafika. Kisahani cha kumalizia, nusu nguvu, kikapita mlangoni, kikafifia mapema kushoto na kujipenyeza chini ya tawi la kwanza la mkorosho. Nikanyoosha kiganja, nikapima uwazi wa kulia. Shubiri kamili. Nikanyoosha na mguu.